Jina Kwenye Kikopo

Mhudumu wa afya wa mtaa alisimama mlangoni na barua mkononi, akakataa kiti.

"Mzee Mashauri, choo ulicholeta kwenye kikopo kimekutwa na damu. Huenda si saratani ya utumbo, lakini Jumatatu uende hospitali kubwa ukapimwe vizuri."

Mashauri alicheka. Vikopo walipewa waliotimiza miaka hamsini, na yeye aliapa tangu mwanzo kwamba hampi mtoto wa mtu choo chake akichungulie.

"Mwanangu, mimi sikuleta kitu. Kile kikopo nilikitupa nyuma ya nyumba."

"Kililetwa, mzee. Kina jina lako."

Mkewe, Zamda, alikuwa kwenye kigoda akichambua mchele. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

"Nilikiokota," alisema bila kuinua uso. "Walikuwa wanapita kila siku kukuulizia. Nikaona nikujazie mimi, watuache."

Mhudumu aliitazama barua, kisha akamtazama yeye.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu."

Mashauri aliichukua barua, akaomba kalamu, akaanza kulikata jina lake taratibu, mstari juu ya mstari.

Zamda aliinuka kwenda kuinjika maji. Sketi ikamteremka kiunoni. Akachomoa pini, akaikunja nguo zaidi, akaichoma pini upya. Nyuma yake kitambaa kilikuwa na vitundu vya pini ile ile, vimefuatana kimoja baada ya kingine, toka ubavuni hadi karibu na mgongo.