Fisi Afunga Shimo la Kupangisha

Fisi alipangisha shimo lake kiangazi tu. Wingu la kwanza la masika lilipotanda, alimwendea mpangaji wake, Ngiri, aliyekuwa na watoto wachanga.

"Hama, mama. Nafunga mpaka kiangazi kijacho."

"Na wanangu wanyeshewe?"

"Shauri yako. Nipishe nikague kama umebomoa kitu."

Ngiri akatoka na wanawe, akampisha. Fisi akaingia kichwa mbele, na kwa wembamba wa shimo hakuweza kugeuka. Hapo Ngiri akaingia kinyumenyume, kama kawaida yake, akaziba mlango kwa makalio.

"Ulitaka kufunga, mwenye nyumba. Nimekufungia."

"Sasa nitatokaje?"

"Shauri yako."

Hakubanduka mpaka Fisi alipoapa, majirani wote wakisikia, kwamba masika yale atakayenyeshewa ni yeye.