Mkondo wa Nyuma ya Nyumba

Bi Hekta alizamisha tena fimbo ya vipimo, na kwa mara nyingine maji yakamwambia asichotaka kusikia. Mkondo mpya, ule uliopasuka wakati wa mvua nyuma ya nyumba ya mama yake, ulikuwa umeuzidi wa zamani kwa kina. Haukuuzidi sana. Upana wa kiganja tu.

Upana wa kiganja ulitosha. Mkataba wa nchi hizi mbili unasema mpaka ni mkondo wenye kina kuliko yote, na mto wenyewe haujawahi kutulia. Kwa hiyo kila mwaka, mafuriko yakiisha, mpimaji mmoja wa kila upande hupanda boti moja, wakapima, wakatia saini, na makao makuu yakatangaza ukubwa mpya wa nchi. Ofisini kwa Bi Hekta ukubwa huo umechorwa ukutani, mwaka baada ya mwaka: mstari unaoshuka tu. "Tunakonda," husema mkuu wa kitengo, kisha anaagiza chai.

Jina la Bi Hekta alibandikwa na wenzake, na siku nyingine hulicheka. Leo hakuwa na cha kucheka. Mpaka ukihamia mkondo mpya, nyumba ya mama inaangukia ng'ambo, na mkataba una kifungu kingine kibaya zaidi: ardhi ikihama, watu wake huhama nayo. Anayevuka mwenyewe bila kibali hurudishwa siku hiyohiyo. Aliyevushwa na mto ni raia wa huko, na hakuna wa kumrudisha. Shangazi yake alivushwa hivyo. Familia ilipokuja kupata kibali cha kwenda kumwona, ilionyeshwa kaburi.

Na mama ndiye pekee aliyembakia. Baba alishafariki. Kaka yake aliongoza mgomo kiwandani muda mfupi kabla ya mvua, wakubwa wakaapa kumtia mbaroni hata akijificha kwenye shimo la panya, na tangu siku hiyo hakuonekana.

"Amefika mbali," mama alimwambia. "Na usiniulize tena. Wewe unakula mshahara wa serikali."

Lilimuuma neno hilo, lakini hakuuliza tena.

Tangu mto upasuke, mama alikuwa akimpigia simu kila jioni kuuliza jambo lilelile: mkondo mpya unaendeleaje, unachimba, haujajaa mchanga? Bi Hekta alimwonea huruma mpaka akakosa usingizi. Juzi alipokwenda kumwona alimkuta ameshafunga mizigo. Vyombo vilikuwa kwenye gunia, godoro limekunjwa na kukazwa kwa kamba.

"Mama, hata hatujapima!"

"Mtapima. Na usije ukanionea huruma, unanisikia? Andika mto ulivyo. Usinitazame mimi."

Bi Hekta aligeukia ukuta ili machozi yasionekane. Ndivyo mama alivyo. Hajawahi kumwomba mtu kitu; angezama huku akiwaambia watu wasijisumbue.

"Soma basi, dada," alisema mpimaji wa ng'ambo, kalamu mkononi. Alikuwa bwana mnene, mpole, aliyezoea kusinzia kwenye boti.

Bi Hekta hakusoma. Alikuwa anaitazama ile nyumba yenye paa la bati, imekaa katikati ya mikondo miwili.

"Pale kuna nani?"

"Mama yangu."

Yule bwana alishusha pumzi. Alimtazama dereva wa boti, aliyekuwa anagombana na injini, kisha akasogea karibu.

"Sikiliza. Mwaka jana nchi yangu ilimeza shamba lenu zima la miwa, na mimi sijaonja hata kijiko cha sukari. Mkondo wa zamani ndio wenye kina. Au mimi nimeona vibaya?"

"Umeona sawasawa," alisema Bi Hekta. Kisha wakatia saini wote wawili, wakijua kwamba wakigundulika ni jela, na yule bwana akarudi kusinzia.

Mchana ilitangazwa kwamba nchi haijapungua mwaka huu. Mkuu wa kitengo aliwanunulia watu soda. Kwenye kituo cha mpakani askari walipiga makofi, kisha wakaanza kujiandaa kwa kazi yao ya kila mwaka, maana mpaka ukishatangazwa hupita kila nyumba ya ukingoni, chumba kwa chumba, kuandikisha watu waliobaki.

Bi Hekta hakutaka kupiga simu. Habari kama hii alitaka kuiona ikiingia usoni kwa mama. Alivuka mkondo mpya kwa mtumbwi wa jirani, akapanda ukingo viatu mkononi, tope mpaka magotini, akicheka peke yake. Boti ya askari ilikuwa inakuja nyuma yake. Aliwapungia mkono, nao wakampungia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Tumebaki!" Bi Hekta alimrukia shingoni. "Huendi popote, mama! Tumebaki!"

Mama hakumkumbatia. Aliitazama ile boti juu ya bega la binti yake, akakaa palepale chini.

Ndipo mlango wa chumba cha ndani ukafunguka taratibu. Kaka yake akachungulia, ndevu zimemjaa, mzigo begani, na tabasamu ambalo Bi Hekta hakuwa ameliona tangu kabla ya mvua.

"Mama," alinong'ona, "tumeshavuka?"