Fundo la Tatu

Mwongozaji wa filamu alipopaza sauti, "Kata!", Himavati alipeleka kidole kisogoni na kuhesabu mafundo ya uzi wa ndoa aliofungwa shingoni katika onyesho la harusi. Moja, mawili, matatu.

Akahesabu tena. Kwenye filamu mwanamume hufunga mawili tu, kwa sababu la tatu ndilo linalomfanya mwanamke awe mke kweli.

Uzi ulikuwa bado umelowa manjano. Fundo la tatu lilikuwa dogo, limekazwa sana.

Akamtazama mwigizaji aliyeufunga, mfalme wake wa filamu. Taji kwapani, anakunywa kahawa na wapiga ngoma, anacheka. Amesahau, au amekusudia? Na wiki ijayo baba yake Himavati anampokea mchumba aliyemchagulia binti yake, kutoka mji wa Guntur!

"Turudie! Wimbo tangu mwanzo!" mwongozaji akaagiza.

Mama wa mavazi akaja na mkasi. "Inamisha shingo, malkia, nikate uzi. Mbona wasita? Au ndiyo umeolewa hivyo?"

Wapiga ngoma wakaangua kicheko. Mfalme hakucheka. Kikombe kilimgandia karibu na mdomo.

Himavati akayafunika mafundo kwa kiganja.

"Ngoja kwanza, mama," alisema.