Kinywa cha Cibalonza

Muuguzi alipomvalisha Cibalonza aproni nzito ya kukinga mionzi, yeye aliivua, akaiweka magotini. Bado ilikuwa na joto la mgonjwa aliyetangulia.

"Sitaki radio," akasema.

"Hapa kila mutu anaanzaka na radio, maman. Hiyo picha ya mionzi ya meno kwanza, kiisha dokta anaangalia."

"Hakuna jino yenye kuniuma. Nilitoka Nyangezi kusafisha meno tu."

Daktari alisogea, glavu mikononi. Tangu Cibalonza aketi, hakuwa amemwambia hata afumbue kinywa. Akashusha sauti, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka matope.

"Ama uko na mimba, maman? Kama iko mimba, tutaacha."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la korido, watu waliacha simu zao, wakatega masikio. Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha: angesafishwa meno, arudi kwake na uongo mdogo usiomdhuru mtu.

"Siko na mimba, dokta," akasema, kwa sauti iliyofika hadi benchini. "Siko na sababu yoyote ya kukupatia. Kinywa iko yangu, na mimi sitaki."

"Sasa tutafanya aje?"

Cibalonza alimrudishia muuguzi aproni yake. Akaegemea kiti, akapanua kinywa mpaka taya likalia, akamkazia daktari macho.

Kule benchini, mwanamke ambaye zamu yake ilikuwa inafuata alisimama, apate kuona vizuri kama daktari atainama.