Ubao wa Agosti

Siku hizi hakuna kiwanda kinachokupima ulivyo. Wanakupima utakavyokuwa siku ya kukitumia kitu, na hawakosei. Gauni la harusi la dada yangu lilikuja likiwa limempwaya kiunoni. Siku ilipofika, likamkaa sawasawa.

Ubao wangu wa kuteleza majini nikivutwa na boti ulifika Mei, kwa mashindano ya Agosti katika bwawa la Masinga. Niliuchagua mwenyewe: inchi sitini na sita, mwembamba mkiani, unaokata kona kama wembe. Nikalipima pezi la chini kwa rula ya chuma, likawa sawa. Ila viatu vilivyofungwa juu yake vilinichekesha. Cha mbele kilikuwa cha mguu wa kulia.

"Wamekosea," nikamwambia mume wangu, Musembi. "Hata nikisukumwa kwa nyuma, ni wa kushoto unaotangulia. Vikombe vyote vile vya ushindi nimevichukua hivyo."

"Hawajawahi kukosea, Mama Ndinda."

"Basi leo wameanza."

Nikachukua bisibisi, nikavibadilisha viatu, nikakaza kila skrubu mpaka mkono ukaniuma. Nikasimama juu ya ubao pale sebuleni, nimekunja magoti, wa kushoto mbele. Anayeteleza ni mimi, si kiwanda.

Musembi akaniita kunywa chai. Nikavuka kizingiti cha jikoni huku nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka birika chini taratibu, akaitazama miguu yangu.

"Umeanza lini," akauliza, "kutanguliza wa kulia?"