Sufuria Mbili

Serikali iliiita likizo. Wanandoa waliotaka talaka walivushwa bahari inapokupwa, wakafungiwa siku saba katika kisiwa cha magofu, ndani ya nyumba moja ya mawe yenye jiko moja na sufuria mbili. Kila mtu ajipikie. Atakayeonja chakula cha mwenzake amekubali kurudiana, na kuta zinaona kila kitu.

Asubuhi ya saba, Saumu alikuwa amekwishafunga begi. Dirishani, njia ya kwenda bara ilianza kuchomoza majini.

"Ondoa sufuria yako, nisafishe jiko," alimwambia mumewe.

"Samaki hajaiva," alisema Kombo. "Subiri, kama unavyosubiri nife."

"Hilo sisubiri. Naliombea dua."

Kombo akatoka akibamiza mlango. Mchuzi wake ukaanza kufurika. Saumu akasonya, akapunguza moto, akakoroga, kisha akadondosha tone kiganjani na kulilamba, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na tisa.

Chumvi haikutosha.

Ndipo alipokumbuka sufuria ile ni ya nani. Akatema, akasugua ulimi kwa upindo wa kanga.

"Hongereni kwa kurudiana," ukuta ulisema kwa sauti tamu. "Ombi jingine la talaka litapokelewa baada ya miaka kumi."

Kombo alisimama mlangoni, macho yamemtoka.

"Umefanya nini, mwanamke?"

Saumu alichukua kopo la chumvi, akalimimina lote sufuriani, akampakulia.

"Kula," alisema.