Vidole Viwili vya Mzee

Sauti ya mwisho ilipokatika, watu wote wa roshani ya juu ya jumba la opera waligeuka kumtazama mume wa Ersilia. Kwa miaka arobaini, mbinja ya kuzomea aliyoipiga mzee huyo kwa vidole mdomoni ilikuwa imewaliza waimbaji wengi hapo Milano.

Lakini opera ya leo, hii ya kisasa, ilitungwa na mtoto wao wa kumzaa.

Kabla ya kuja hapa, walipokuwa wakila hotelini, wali wa zafarani ukipoa mbele yake, mzee alikuwa amesema, "Nimesikia mazoezi. Ni masufuria yanayoporomoka ngazini."

"Ni mwanao, mzee wangu."

"Masikio yangu hayana mwana, bibi wewe. Nikimnyamazia yeye, wale niliowazomea nitawaambia nini?"

Sasa alilamba vidole viwili, polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetaka kufunua ukurasa. Kule chini mwana wao alitokea jukwaani, akakinga macho kwa kiganja, akawa anawatafuta juu.

Ersilia akasimama mbele ya mumewe, akampa mgongo, akaanza kupiga makofi peke yake.

Nyuma yake akamsikia akivuta pumzi.